Walionyoosha Mkono wa Kushoto

Walimu wananiita Pilipili. Mbele yangu hawathubutu, lakini nikishuka tu kwenye pikipiki nasikia jina linavyopita dirisha hadi dirisha: Pilipili kafika, Pilipili kafika. Nami, nisiseme uongo, jina hilo lilikuwa linanipendeza. Kazi yangu ni kukagua ufundishaji katika vituo vya elimu mbadala, vile vya vijana walioiacha shule njiani kwa sababu elfu na moja, na katika kazi hii ukijifanya sukari watakulamba uishe.

Kwa hiyo asubuhi ile niliingia katika kituo cha nyuma ya soko na ukali wangu wote. Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la saruji. Kuta walizipaka chokaa, lakini ukiegemea unaondoka na vumbi la kijivu mgongoni. Madawati yalikuwa ya kuokoteza, marefu kwa mafupi, na katikati ya chumba palikuwa na nguzo nene ya zege. Waliokaa nyuma yake ilibidi wapinde shingo ili wauone ubao.

"Karibu, Mkaguzi," mwalimu wa hesabu akasema. Alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi. "Tuko kwenye hesabu za sehemu. Wana mtihani Jumatatu."

Mtihani huo ndio mlango wao wa pekee. Kijana akiufaulu anapewa cheti sawa na cha aliyemaliza shule, na chuo cha ufundi kinampokea, iwe umeme, iwe useremala. Akikosa, anarudi alikotoka, kwenye mizigo na vibarua, na wengi wao hawajaribu mara ya pili.

Wakaguzi wenzangu hukaa nyuma ya darasa. Mimi nakaa mbele, pembeni ya ubao, nikiwatazama wanafunzi usoni, maana uso haujui kuandaliwa. Nikafungua karatasi zangu. Mwalimu akaandika: robo tatu ya arobaini.

Mikono ikapanda, ya darasa zima. Hakuna aliyebaki amekunja mikono, hata mmoja aliyekuwa anapiga miayo nilipoingia. Mwalimu akamchagua mama kijana aliyempakata mtoto mapajani.

"Thelathini," akasema yule mama mtoto.

"Vizuri. Mbili ya tano ya hamsini?"

Mikono ikapanda tena, yote. Akamchagua kijana wa dirishani, naye akapata. Nikawa nashangaa. Vijana walioikimbia shule, wanajua sehemu kuliko watoto wa shule za kulipia? Nikaitazama ile mikono vizuri, na hapo ndipo nikaona. Waliochaguliwa wote wawili walinyoosha mkono wa kulia. Lakini karibu nusu ya darasa walikuwa wamenyoosha wa kushoto.

Lo! Kila aliyewahi kushika chaki anaijua hila hiyo. Mgeni akija, mwalimu anawafunda wanafunzi wake kwa siri: wote nyoosheni, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu, majibu yanatiririka, mgeni anaondoka akisifia. Ni utapeli mzee kuliko mimi. Damu ikanichemka.

"Simama hapo hapo, Mwalimu," nikasema. "Unaniona mimi bwege, siyo?"

"Mkaguzi, naomba nieleze..."

"Utaeleza nikimaliza. Wote walionyoosha mkono wa kushoto, wasimame."

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama mwalimu wao. Aliiweka chaki mezani taratibu, nao wakaanza kusimama mmoja mmoja, madawati yakilia. Nilikuwa nimesimama pia, kalamu mkononi, nimejaa tele. Nilijiona hodari, jamani. Nilijiona nimemkamata mwizi na kuku kwapani.

Mtu wa mwisho kusimama alikuwa nyuma ya nguzo. Alitokeza bega kwanza, kisha uso. Alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Aliacha shule darasa la tano, na ninachojua mimi ni kwamba tangu hapo anaosha magari kwenye mzunguko wa barabara kubwa, kutwa nzima, kila siku. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yuko darasani. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona haya hata kusimulia. Kanuni za kazi yangu ziko wazi: ukimkuta jamaa yako darasani, unasimamisha ukaguzi, unaomba radhi, unatoka. Ningefanya hivyo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshapandisha, na mtu aliyepanda haoni pa kushukia. Nikajiambia nikimruka huyu itakuwa upendeleo. Nikajiambia Pilipili hana ndugu kazini. Nikamnyooshea kalamu.

"Wewe wa nyuma ya nguzo. Theluthi mbili ya ishirini na nne?"

Midomo yake ikacheza. Nilimwona anajaribu, namjua mdogo wangu, akifikiri anakunja vidole vya miguu, na viatu vyake vya wazi vilikuwa vinaonyesha kila kidole.

"Sijui," akasema.

"Hatukusikii huku."

"Sijui, Madamu."

"Kama hujui, mkono uliunyoosha wa nini? Ulikuwa unapunga upepo?"

Mtu mmoja alicheka, akajinyamazia haraka. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde ile nilifurahi kwamba kichekesho changu kimepata mtu wa kukicheka.

Mdogo wangu akachukua mfuko wake. Akapita kati ya madawati, akapita mbele yangu karibu kabisa, nikasikia harufu ya sabuni ya magari kwenye shati lake. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, kwa adabu, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Wale wengine wa mkono wa kushoto walikuwa bado wamesimama, wamesahaulika. Aliyenyoosha mkono safari hii alikuwa mama mtoto.

"Madamu, naweza kusema?"

"Sema."

"Hapa mkono wa kushoto maana yake nifundishe." Alikuwa anamtingisha mtoto kwa goti ili asilie, na hakuwa ananiogopa hata kidogo. "Mwalimu anauliza maswali matatu, kisha tunahama. Sisi wa kulia tunakwenda kukaa na wa kushoto, mtu na mtu, tunawaelekeza mpaka washike. Ulitukatiza kwenye la pili. Huyo uliyemtoa, alipokuja hapa alikuwa hanyooshi mkono wowote. Hata huo wa kushoto ulichukua muda. Siku aliyounyoosha tulimpigia makofi."

Nikamgeukia mwalimu. Nadhani nilikuwa nangoja akanushe.

"Huko walikotoka walichapwa na kuchekwa kwa kutojua," mwalimu akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Nilitaka pawe na mahali ambapo mtu anaweza kusema hajui. Nilikuomba nieleze, Mkaguzi."

Aliniomba, kweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na karatasi zangu. Aibu nilishawahi kuionja, nani hajaionja, lakini hii ilikuwa ya namna nyingine, ilinishika masikio yakawa ya moto, na mikono sikujua niiweke wapi. Miaka yote nimewaumbua walimu mbele ya wanafunzi na kuita hiyo kazi. Siku hiyo nilijiumbua mwenyewe, na niliyemlipisha ni mwingine.

"Kaeni," nikawaambia wale waliosimama. "Kaeni, tafadhali. Nisameheni."

Waliketi. Hakuna aliyesema tumekusamehe, na sikuwa na haki ya kulidai neno hilo. Mwalimu alinisindikiza mpaka nje, akafunga mlango nyuma yake.

"Unamfahamu yule kijana?" akauliza. "Nimeona alivyokutazama."

"Ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Mwalimu akavuta pumzi, akatazama upande wa soko. Kama angenitukana ningeshukuru.

"Jumatatu ndiyo mtihani," akasema mwishowe. "Na msimamizi aliyepangwa kuja kwetu ni wewe. Sijui nikuambie nini, dada. Huyo kijana hesabu ameanza kuziweza. Mtafute."

Nilimpigia Mama nikiwa bado sijafika barabarani. Nikamweleza yote kwa pupa, nikitarajia ashtuke kwamba mtoto wake yuko shule. Hakushtuka. Nikasikia redio yake ikiimba nyuma.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Najua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema dada asijue mpaka cheti kiwe mkononi. Alisema ukijua utaanza kumuuliza maswali." Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto wa kuchapwa: "Umemfanya nini mwanangu?"

Mwanangu, akasema. Mimi nami si mwanawe? Lakini sikulalamika, ningeanzia wapi.

Kwenye mzunguko wa barabara kubwa wanaoshea magari kwenye kiwanja cha zege kilichopasuka, maji ya sabuni yanateremka mpaka mtaroni. Nilimkuta anasugua gari la mizigo, suruali imekunjwa hadi magotini. Wenzake waliponiona na sketi yangu ya ofisini walidhani mteja. Nikajongea, viatu vikazama kwenye povu.

"Sogea pembeni, Madamu," mdogo wangu akasema bila kugeuka. "Utalowa."

"Usiniite Madamu. Mimi dada yako."

"Pale darasani nilikuita hivyo, ukaitika."

Mmoja wa wenzake akaguna, akazima mpira wa maji, akajifanya ana kazi upande wa pili. Nikabaki na mdogo wangu, gari likichuruzika maji kati yetu.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Nimekosa. Nimekukosea wewe, na mwalimu wako, na wenzako wote. Mdomo uliponza kichwa."

Akaendelea kufuta kioo. Alikuwa anakifuta kwa mizunguko midogo midogo, bila haraka, mahali pale pale palipokwisha kung'aa.

"Nikuulize kitu, utanijibu ukweli?"

"Nitakujibu."

"Ulinitambua kabla hujaniuliza lile swali, au baada?"

Nilikuwa na uongo mzuri, umeshaiva. Nguzo ilikuwa imekuziba, mdogo wangu. Mwanga wa mlangoni ulinipiga machoni. Angeamini, kwa sababu alitaka kuamini, nilimwona anavyongoja.

"Kabla," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akakamua kitambaa, maji meusi yakamwagika miguuni pake.

"Njia nzima nilikuwa najiambia hukuniona vizuri. Nikasema ile nguzo ni kubwa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua kwa nini nilikuficha? Wewe hujui kuuliza swali kama mtu mwingine. Nikija kwako, hata sijakaa, saba mara nane ngapi, mbele ya wageni wako. Unacheka, wageni wanacheka. Ukiniuliza wewe, nikijua nasahau, nisipojua ndiyo basi. Yule mwalimu ananiuliza na mimi nasikia kama ninaulizwa habari za nyumbani."

"Rudi darasani," nikamwambia. "Nakusihi. Usiache kwa sababu yangu, mimi si mtu wa kuachiwa shule."

"Mama ameshanililia kwenye simu, nitarudi. Na Jumatatu nitaufanya huo mtihani." Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini wewe usiwepo, dada. Nisikuone mlangoni, nisikuone dirishani, nisisikie hata pikipiki yako. Nikikuona pale, hata jina langu nitasahau kuliandika."

Nikamwahidi. Nilitaka kumshika bega, akawa ameshainama kuosha magurudumu.

Kesho yake nikaenda kwa mkuu wetu wa ukaguzi, mzee mstaarabu anayekunywa chai tangu ofisi inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Nikamwomba Jumatatu anibadilishie kituo. Akauliza sababu. Nikaanza vizuri, nikasema nimegundua mdogo wangu anasoma pale.

"Aa, kumbe!" Uso ukamchangamka. "Ndugu yako yumo, ukaona ujitoe mwenyewe kabla hujaulizwa. Huo ndio uadilifu. Wengine hapa wanasimamia hadi wake zao, nani atasema? Kikao cha Ijumaa nitakutolea mfano."

Jamani, ilikuwa rahisi vile. Ilibaki kusema asante, Mkuu. Ulimi ulishajipanga. Nikajiona Ijumaa ile, nimekaa mstari wa mbele, napigiwa makofi kwa ajili ya kosa langu.

"Hapana, Mkuu," nikasema. "Sikujitoa. Nilimwona, nikamsimamisha, nikamuuliza, nikamfanyia mzaha mbele ya wenzake. Na mwalimu wake nikamwita tapeli wakati anafundisha vizuri kuliko wengi niliowapa alama za juu. Naomba nibadilishwe kwa sababu kijana ananiogopa. Nikiwepo, atafeli."

Mkuu akaiweka bilauri ya chai. Alinitazama mpaka nikatamani anifokee.

"Wewe?" akasema. "Wewe ambaye jina lako tu linawanyoosha walimu kama dawa?"

"Mimi."

Alinibadilisha. Alinipa pia barua ya onyo, nikaisaini bila kubisha, na kwenye taarifa ya ukaguzi nikaandika yote, njia ya yule mwalimu na kosa langu, kisha nikampelekea mwalimu huyo nakala mkononi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akasema asante, akarudi darasani. Hakunikaribisha ndani.

Jumatatu nilisimamia mtihani upande mwingine kabisa wa mji. Sikutembea kati ya madawati nikisikiliza viatu vyangu vinavyotisha watu, kama nilivyozoea. Nilikaa kitini. Kila kijana aliyekuna kichwa nilimwona ni yeye.

Matokeo yalipotoka yalifika ofisini kwetu kwanza. Bahasha ilikuwa mezani, ningeweza kuifungua kabla ya mtu yeyote, lakini sikuigusa, tarishi akaipeleka kituoni. Nilitaka anipigie mwenyewe. Nikaiweka simu mbele yangu tangu asubuhi. Nilikwenda hadi chooni nayo. Ilipofika jioni, watu wanafunga milango, uvumilivu ukanishinda, nikampigia Mama.

Alipopokea nilisikia kelele kwanza. Watu wengi, vicheko, vyombo vinagongana, mtoto mchanga analia. Nikaitambua sauti ya mama mtoto akimbembeleza.

"Amefaulu," Mama akasema. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu, amefaulu! Hesabu ndiyo aliyofanya vizuri kuliko zote. Chuo cha ufundi kitamchukua, atasomea umeme."

Nikaketi. Nilifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli, msifikiri nilikuwa najifikiria mimi tu.

"Nipe niongee naye, Mama."

Kelele ziliendelea, yeye akashusha sauti.

"Yuko na wenzake," akasema. "Na mwalimu wake yupo, amekuja kutupongeza."

"Basi nije? Nachukua pikipiki sasa hivi, nitafika hata hawajamaliza kula."

"Njoo kesho, mama," akaniambia kwa upole sana. "Eti? Njoo kesho."

"Sawa," nikasema. "Basi mwambie nampa hongera."

"Nitamwambia."

Mama hajawahi kujifunza kukata simu. Akimaliza kuongea anaiweka tu mezani, nawe uliye upande wa pili ndiye unayekata. Sikukata. Nilikuwa nataka kukisikiliza kicheko cha mdogo wangu, kicheko kizuri, cha tumboni, sijakisikia tangu akiwa mdogo. Kikakaribia simu. Nikamsikia akiuliza, "Nani huyo, Mama?"

"Hakuna mtu," Mama akamjibu. "Wamekosea namba."